Grisi ya Jumamosi

Injinia Wakesho aliniomba niandike haya kabla sijasahau. Nilimwambia kusahau si tatizo langu, tatizo langu ni kunyamaza. Akaninunulia daftari la kurasa tisini na sita, akaniomba nisilimalize lote. Ninyi mliobaki pale kituoni, kando ya barabara ya Mwatate, mtanisoma mkinywa chai ya saa nne. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuwa nacho hata kimoja cha kutajika. Mshahara nao ni siri baina yangu na mke wangu, ingawa yeye husema ni siri yangu peke yangu.

Nilizaliwa Mbololo, na shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala karo haikukosekana. Lori liliharibika barabarani, nikasimama kumtazama fundi akifungua sanduku la gia, na alipomaliza kulifunga ilikuwa siku ya tatu. Baada ya hapo mwalimu na mimi hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Tangu siku ile miguu yangu haikutulia. Nikisikia mlio wa mashine nisiyoijua, lazima niende nikaone inafanya nini.

Kazi ya kwanza ilikuwa kiwanda cha mkonge. Siku ya kwanza nilipewa ufagio, nikaambiwa nifagie chini ya mashine ya kuchuna majani, na nisiiguse. Niliigusa kabla ya saa sita. Mkuu wa zamu aliniona, akacheka, akanihamishia upande wa mafundi, maana alisema ni afadhali mtu wa namna yangu awe mahali ambapo anaonekana.

Kiwanda kile kilikuwa na desturi moja ambayo kila aliyepita pale aliondoka nayo. Jumamosi saa saba mashine ikizimwa, hakuna aliyekwenda nyumbani kabla ya kuipaka grisi. Kila nati, kila beringi, kila uzi wa bolti. "Mashine hailali njaa," mkuu wa zamu alikuwa akisema. Tuliipaka kwa vidole, kwa sababu kidole kinasikia punje ya mchanga na bomba la grisi halisikii. Mtu akitoka pale Jumamosi na vidole safi, watu walimtazama kama aliyeiba saa za kazi. Nilikaa mwaka mmoja na nusu. Nikaondoka nikiwa na nguo mbili na desturi hiyo.

Kutoka mkonge nilishuka Voi kwa Fundi Athumani. Karakana yake ya kuchomelea vyuma ilikuwa nyuma ya soko. Wazee wake walitoka Pwani wakaja na kazi za reli, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chuma chochote alichokiunga. Asubuhi ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si mvivu. Nikaikimbilia chupa ya oksijeni ili nimfungulie.

"We! We! Hebu iweke hiyo mikono hapa niione," alisema. "Umetoka wapi na mafuta yote hayo?"

"Kwenye mkonge, fundi."

"Basi nenda kaoshe kwa sabuni mpaka ngozi ilie. Oksijeni haiwaki yenyewe, yakhe, lakini hukifanya kila kitu kingine kiwake. Mafuta na oksijeni ni mbuzi na fisi. Huwafungi zizi moja ukaenda zako kulala."

Niliosha. Nikakaa naye miaka minne, na hiyo kwangu ni ndoa. Nilipochoka kuona cheche nilikwenda Kishushe na watu waliokuwa wakitafuta madini. Huko nilijifunza kwamba jiwe likimetameta sana, aghalabu halina thamani, na kwamba barabara ikiwa mbaya kila mtu anakuwa makanika. Kutoka Kishushe nikapanda milimani, nikaajiriwa na daktari wa mifugo aliyepandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba mtungi.

Ule mtungi ulinimaliza. Ndani mlikuwa na naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa hii tunayovuta, ila ilikuwa imepozwa hadi ikawa maji. Ukifungua kifuniko, moshi mweupe unatoka na kumwagika chini badala ya kupanda juu. Nilichovya ua, likavunjika kama kigae. Nikachovya jani la ndizi. Nikachovya kipande cha kandambili, kikakatika kama biskuti.

"Ukinimalizia tena naitrojeni kwa ajili ya kandambili," daktari aliniambia, "nitakuchovya wewe."

Nikajaribu pia kwa kiberiti. Njiti ilizimika papo hapo. Nikaandika moyoni: hewa ya maji haiwaki, ni mpole, ukiiheshimu baridi yake haina neno. Lilikuwa jambo la kweli nusu, na nusu ile nyingine nilikuja kuilipia baadaye.

Kituoni nilikuja kuchimba mtaro wa siku mbili. Siku ya pili nikaliona lile tangi jeupe likishushwa kwa kreni, nikauliza ni la nini. Injinia Wakesho ndiye aliyenijibu. Alikuwa mwembamba, kofia ya plastiki imemzidi kichwa, na nilidhani ni karani. Alinieleza kwa nusu saa nzima nikiwa mtaroni na sepetu mkononi. Alipomaliza nikamwambia, "Hiyo naitrojeni naijua. Nimeibeba mgongoni." Wiki iliyofuata nikawa mtu wa valvu na mabomba, na mtaro akaumalizia mwingine.

Fundi Athumani wakati huo alikuwa ameacha karakana, amefungua duka na mkewe hapo hapo Voi. Kila nilipokwenda kununua sukari alitaka ripoti.

"Hebu nieleze tena, taratibu. Mnafanya nini huko?"

"Mchana jua ni jingi, fundi, umeme wa zile paneli unabaki. Ule wa ziada tunautumia kushindilia hewa na kuipoza mpaka iwe maji. Tunaiweka kwenye tangi, kama chupa kubwa ya chai, ila hii ni ya baridi. Jua likizama au mawingu yakifunga, tunaisukuma kwa pampu, tunaipasha kwa joto tulilolitunza wakati wa kuishindilia, inavimba mara mia saba. Ule uvimbe ndio unaozungusha mapanga ya jenereta."

"Na umeme wote hurudi?"

"La. Mwingine unapotea njiani."

"Kama sukari ya duka hili ikielekea jikoni kwangu," alisema, na mkewe akamtupia jicho. "Na moshi?"

"Hakuna. Inayotoka ni hewa ile ile iliyoingia."

"Basi mnauza hewa, mwanangu! Wallahi mmetuweza."

Mjini walituita wafanyakazi hewa. Lakini mimi sikuhitaji kushawishiwa na mtu. Nilipokuwa mdogo Mbololo tulijua wiki ya kupanda. Siku hizi mvua inakuja kama mgeni asiye na simu, na ikija inabomoa. Kisima kilichokuwa karibu na kituo kilikuwa kinaendeshwa kwa dizeli, na nusu ya mwezi kilikuwa kimelala kwa kukosa hiyo dizeli au kwa kuharibika. Akina mama walipanga mitungi, wafugaji walipanga ng'ombe. Mpango ulikuwa huu: tukithibitisha kwamba tangi letu linaweza kukipa kisima umeme jua lisipokuwepo, majaribio yataendelea. Tukishindwa, tangi linapandishwa tena kwenye lori. Wageni wa kuamua walikuwa waje siku ya Alhamisi.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ya kabla ya hapo.

Wiki ile tulikuwa tumefungua valvu ishirini na nne za njia inayotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, tukazisafisha, tukabadilisha vizibo. Jumamosi mchana wengine waliondoka. Tulibaki mimi na Kilonzo kuzifunga. Kilonzo mnamjua, baba wa watoto watatu na mzaha usiokwisha. Nilishika valvu ya kwanza, nikapitisha kidole kwenye nyuzi zake, nikazikuta kavu kama ulimi wa mgonjwa. Saa ilikuwa saba. Mkebe wangu wa grisi, ule niliokuwa nao tangu mkonge, nikiujaza na kuujaza tena, ulikuwa kwenye mfuko wangu wa zana. Sikufikiri. Kidole kilikwenda chenyewe. Nikapaka kidogo, nikafunga, nikaendelea. Zingine nikazipaka, zingine nikaziacha, kutegemea nyuzi zilivyonililia.

Mtaniuliza kuhusu zile sheria arobaini za usalama tulizosomewa siku ya kwanza, kwa Kiingereza, ukutani. Marufuku ya mafuta ilikuwemo. Niliisikia, nikatia sahihi. Ninyi pia mmetia. Lakini mimi nilidhani inahusu kumwaga oili sakafuni, mtu akateleza. Na oksijeni niliijua kwa Fundi Athumani, inakaa kwenye chupa yenye jina lake. Sisi letu lilikuwa tangi la hewa, na kwenye hewa ya maji nilishachovya kandambili.

Jumanne, chai ya saa nne, Injinia akasimama na kikombe chake kutukumbusha kwa nini tunapima tangi kila asubuhi.

"Hewa ni mchanganyiko," alisema. "Ikikaa tangini siku nyingi bila kutumika, inachemka kidogo kidogo. Naitrojeni ndiyo inayotangulia kuondoka. Oksijeni inabaki nyuma. Ni kama harusi. Wenye haraka wakishaondoka, wanaobaki ni wale wenye njaa. Leo tangi letu lina oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida. Kwa hivyo kesho tunapowasha pampu, kila kitu kwenye ile njia lazima kiwe safi. Safi kabisa."

Kila mtu akaitikia kwa kichwa. Mimi nilirudisha andazi langu kwenye sahani.

Nitawaambia ukweli wa dakika zilizofuata, kwa sababu ndizo zilizonifanya nikubali kuandika. Nilikwenda nyuma ya stoo nikasimama. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nilifikiri nikazifungue kimya kimya, nizifute, nizirudishe. Lakini njia ilikuwa imeshafungwa na kupimwa shinikizo, na ukiigusa inaandikwa. Nikafikiri pia kwamba grisi ilikuwa kidogo, labda isidhuru. Hapo nikamwona Kilonzo akivuka uwanja kwenda chumba cha pampu, anaimba. Kesho yake ndiye angesimama hatua mbili kutoka kwenye zile valvu. Sauti ya Fundi Athumani ikanijia nzima, pamoja na fisi wake na mbuzi wake.

Nilimkuta Injinia ameinama kwenye pampu.

"Injinia, nina neno."

"Sema, mzee."

"Kesho usiwashe."

"Kwa nini?"

"Valvu nimezipaka grisi."

Alinyanyuka polepole. "Ngapi?"

"Saba. Au sita."

"Zipi?"

Sikuzikumbuka. Zilikuwa ishirini na nne, zinafanana kama vifaranga. Alikaa kwenye kreti tupu, akaivua ile kofia yake, akaishika magotini. "Mzee, wageni ni kesho kutwa."

"Najua."

Nilikuwa tayari kwa matusi. Nimetukanwa na mabingwa. Akasema, "Asante kwa kuniambia," akavaa kofia. Ningependelea matusi.

Tulizifungua zote ishirini na nne. Kuziosha si kazi, kazi ni kujua kama zimetakata. Jicho halioni grisi iliyobaki nyembamba kama pumzi kwenye kioo. Injinia alisema kuna taa maalum, mwanga wake ni wa zambarau, unafanya mafuta yang'ae, lakini yetu ilivunjika safarini na nyingine ingechukua wiki kufika kutoka Nairobi.

"Mwanga wa zambarau?" nilimuuliza. "Kama ule wa kutazamia noti bandia?"

"Huo huo, karibu."

Hapa ndipo utundu wangu ulipolipa kidogo. Kwa Fundi Athumani, kwenye kaunta, kulikuwa na kitaa cha kutazamia noti, na mimi sijawahi kukaa dukani bila kushika kitu. Nilishamulika kucha zangu, mkate, shati, hata nge aliyeuawa mlangoni, ambaye aling'aa kama taa ya disko. Na nilikumbuka kwamba siku moja nilipotoka kazini, madoa ya grisi kwenye vidole vyangu yaliwaka buluu. Nilichukua pikipiki hadi Voi.

"Nataka taa yako, fundi."

"Mna noti bandia huko?"

"Nimepaka grisi kwenye njia ya oksijeni."

Nilidhani ataanza kunikemea. Aliinama tu, akachomoa waya wa taa, akaniwekea kwenye mfuko wa karatasi kama kilo ya mchele. "Miaka minne nilikufunza," alisema. "Basi angalau umekuja mwenyewe. Nenda. Mke wangu akipokea noti bandia leo, utailipa wewe."

Tulifunika madirisha ya stoo kwa magunia, tukawasha. Valvu moja moja tuliipitisha chini ya mwanga. Nyingi zilikuwa nyeusi, kimya. Kisha ikaja moja yenye mstari wa buluu kwenye nyuzi, umezunguka vizuri kabisa, kazi ya mtu aliyefunzwa. Niliona haya, na nitasema pia kwamba ilikuwa imepakwa kwa unadhifu. Tuliitenga. Ya pili. Ya tatu. Zilipofika saba nilipumua. Ikaja ya nane. Halafu ya tisa.

"Mzee, ulisema saba," Injinia alisema.

"Saba. Sita labda. Tisa haziwezi."

Mle gizani Kilonzo akakohoa.

"Hizo mbili ni zangu," alisema.

"Wewe?"

"Nilikuona ukipaka, mzee. Wewe ndiye mjuzi wa baridi hapa. Nikadhani ni sheria, nimeisahau. Nikachota kwenye mkebe wako." Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza mzaha.

Nimefikiria tisa ile kuliko jambo lingine lolote la maisha yangu ya kazi. Kama ningezifuta saba zangu kwa siri, nikazirudisha nikiwa na moyo mweupe, pampu ingewashwa na zile mbili zikiwemo. Naye aliyezipaka angesimama mbele yake akiimba. Sikuwa nimemfundisha neno lolote. Alikuwa ameniangalia tu mikono.

Alhamisi wageni walikuja, wanne, na viatu visivyojua vumbi letu. Valvu zilikuwa bado mezani. Injinia aliwapokea langoni, akasema, "Leo hatuwashi. Njooni muone kwa nini." Akawaingiza stooni, akawamulikia ile moja tuliyoiacha bila kuoshwa, kwa kitaa cha duka la Fundi Athumani, chenye kibandiko cha bei ya maharagwe ubavuni.

Mmoja wao, bwana wa miwani, akauliza, "Nani alifanya hivi?"

"Sisi," alisema Injinia.

"Sisi nani?"

"Kituo." Hakunitazama hata kidogo.

Niliinua mkono. Kilonzo naye akainua. Bwana wa miwani alitazama mikono yetu miwili, akaandika kitu, nasi hatukujua ni kitu gani. Walikunywa chai, wakaondoka. Wiki tatu tulisubiri lori la kuja kubeba tangi. Kilichokuja ni simu: tuendelee, watarudi Julai, na zile taa za zambarau zinunuliwe tatu.

Julai ile mnaikumbuka. Ukungu ulishuka kutoka milimani ukakaa siku tatu, jua likawa kama sarafu nyuma ya pazia. Paneli zilitoa umeme wa kuwasha redio. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, ng'ombe wa watu wamesimama kisimani na wageni wamesimama nyuma ya ng'ombe, Kilonzo alifungua valvu ya kwanza. Mabomba yakavaa barafu nyeupe. Pampu ikalia, mapanga yakaanza taratibu, kisha yakashika wimbo wao. Dakika chache baadaye maji yakaja kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, kwanza na kikohozi, halafu mfululizo. Yalivutwa na jua la wiki iliyopita. Mama mmoja aliyekuwa na mitungi aliniuliza kama ni dizeli. Nikamwambia ni hewa. Akasema, "Mzee, niache na kazi zangu," akakinga.

Siku niliyoondoka mlinipikia pilau, na Injinia akasema maneno mazuri ambayo sitayarudia kwa kuwa mengine hayakuwa kweli. Kilonzo alinikabidhi kifurushi. Ndani mlikuwa na ule mkebe wangu wa grisi, amechomelea kifuniko pande zote, na juu ameandika kwa rangi nyekundu: *Kwa matumizi ya nyumbani tu.*

Ilinichukua asubuhi nzima na msumeno kuufungua.

Sasa niko Mbololo. Nina toroli, nina mlango wa banda la kuku, nina baiskeli ya mjukuu, na vyote havilali njaa. Kila Jumamosi saa saba na dakika kadhaa simu hulia, na huwa ni Kilonzo.

"Mzee, umepaka leo?"

"Nimepaka toroli."

"Sisi hatujapaka kitu."

"Umemulika?"

"Zote ishirini na nne."

"Haya," namwambia. "Nenda nyumbani."